Nasaba ya Kamera Mbili Nyembamba

Katika mwaka 2002, zama ambazo kamera za dijitali zilikuwa bado nene, na aghalabu zikiwashwa hutokeza bomba la lenzi mbele, makampuni mawili ya Kijapani yalitoa, kwa kufuatana miezi michache tu, vyombo viwili vilivyoweza kukaa katika mfuko wa shati bila ya kuufutua: DiMAGE X ya Minolta na Exilim EX-S1 ya Casio. Aliyezitazama kwa haraka angezidhani ni ndugu wa tumbo moja, maana zote mbili zilikuwa bapa na nyepesi, wala hazikuwa na bomba la kuchomoza. Walakini mwenye kupeleleza asili yake huona dhahiri kwamba ziliufikia wembamba kwa njia zilizo mbalimbali, na kwamba kila kampuni ilishika njia iliyorithi kwa wazee wake.

Minolta, iliyoasisiwa mwaka 1928, ilikulia katika fani ya kamera, na mwaka 1985 ilijipatia sifa kubwa kwa kamera yake ya 7000, iliyoweza kulenga yenyewe pasipo mpiga picha kuzungusha lenzi kwa mkono. Mafundi wenye jadi hiyo hawakuwa radhi kuutoa mhanga uwezo wa kuvuta karibu kilicho mbali. Kwa hiyo, badala ya kuiondoa lenzi ndefu, waliilaza ndani ya kiwiliwili. Nuru iliingia kwa kidirisha kidogo kilichokuwa juu pembeni, ikakutana na prizma iliyoipinda kwa nyuzi 90, kisha ikateremka wima kupitia vioo vilivyopangwa mpaka ikaifikia sehemu ya kunasa taswira. Mtu alipobonyeza kitufe cha kukuza, taswira ilisogea hadi mara 3, na hali kwa nje hakuna kilichotikisika. Unene wote ulikuwa milimita 20.

Casio ilikuwa na nasaba nyingine. Ndugu wa ukoo wa Kashio, walioiunda kampuni hiyo mwaka 1957, walianza na mashine ya kupiga hesabu kwa umeme iliyokuwa na ukubwa wa meza na uzito wa kilo 140. Na kazi ya miaka iliyofuata ikawa ni kuipunguza, mpaka mwaka 1983 wakatoa kikokotozi chenye unene wa milimita 0.8 tu. Waliozoea kupunguza walipoigeukia kamera waliuliza ni kipi kinachoweza kuachwa, wakaacha vingi: EX-S1 haikuwa na lenzi ya kukuza, haikuweza kubadili umbali wa kulenga, na picha zake zilikuwa na pikseli milioni 1.24, ilhali za mwenzake zilikaribia milioni 2. Hata hivyo, ilipata ilichokikusudia, kwani unene wake ulikuwa milimita 11.3.

Kwa anayepima picha pekee, DiMAGE X ndiyo bora, na hilo halina ubishi; bali kwa anayetaka kamera ya kufuatana nayo kila aendako, EX-S1 ilimpa haja yake kamili.

Mwaka 2003 Minolta iliungana na Konica, na mwaka 2006 biashara hiyo ya kamera ikafungwa. Casio nayo iliachana na kamera ndogo mwaka 2018, baada ya simu za mkononi kulitwaa soko. Hata hivyo, simu hizo hizo ndizo zilizopokea mirathi ya pande zote mbili: lenzi yao ya kawaida, nyembamba na isiyokuza, imeshika mwendo wa Casio, na zile zenye kuvuta mbali, kama Huawei P30 Pro ya mwaka 2019, huipinda nuru kwa prizma na kuilaza lenzi ndani, kama ilivyofanya Minolta miaka 17 kabla yake. Kwa hiyo si haki kuzihesabu kamera hizi mbili kuwa ni vyombo vilivyoshindwa. Mafundi wake wanastahili heshima ya watangulizi.