Mlango wa Ziwa Usio na Bawabu

 

Baada ya masika ya mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipoingia katika nyumba zilizo karibu na mwalo hapa Kirando, alinijia chuoni mama mmoja mjane ambaye watoto wake wawili nawasomesha. Ukuta wa nyumba yake, wa matofali mabichi, ulikuwa umeanguka. Hakuja kuomba msaada. Alikuja kuuliza, maana alisikia watu wakisema hadharani kwamba maji yale ni adhabu ya watu wa mwaloni kwa maovu yao, na wakataja habari za watu wa Sabaa waliotajwa katika Qurani Tukufu. Akaniuliza, "Sheikh, na mimi nimo?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Leo nataka kujibu kwa urefu, kwani swali lile si lake peke yake, na wengi wanaohukumu watu kwa ziwa hili hawajui tarehe yake.

Jua basi, ndugu msomaji, kwamba ziwa letu hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji. Mito iingiayo ni mingi, kama Rusizi na Malagarasi na vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Ufipa. Mto utokao ni mmoja, nao ni Lukuga, ulioko ng'ambo katika nchi ya Kongo, penye mji wa Kalemie ambao zamani za Wabelgiji ukiitwa Albertville. Ni kweli kwamba maji mengi ya ziwa hayapiti huko, bali hupanda mvuke kwa jua. Walakini mlango huo mdogo ndio unaokata shauri maji yasimame wapi, na ukizibika, basi ziada ya kila masika hujilimbikiza juu ya ile ya mwaka uliotangulia.

Na ulizibika. Katika karne ya 19 mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa kwa boma ambalo hakulijenga mtu. Zamani ziwa lilipokuwa chini, maji hayakufika mlangoni. Mfereji ukawa mkavu, vijito vya kando vikamwaga humo mchanga na tope, yakaota mafunjo na matete, na mizizi ikashika udongo kama mikono. Mwingereza Cameron alipofika hapo mwaka 1874 alikuta magugu yamejaa mtoni na mkondo dhaifu, naye akashikilia kwamba ndipo maji ya ziwa yatokapo. Stanley alipopita mwaka 1876 hakuona maji yakitoka kwa namna ya kuaminika, akasema kwamba ziwa linapanda na siku zake za kufurika ziko karibu. Yeye alikuwa na ushahidi wa macho: huko Ujiji, mahali alipokutana na Livingstone mwaka 1871, miti aliyoiacha nchi kavu aliikuta ndani ya maji.

Wakati huo Ujiji palikuwa na waungwana wa pwani na Waarabu, wenye misikiti na nyumba za udongo karibu na maji. Nafikiri mara nyingi juu ya watu wale. Kila mwaka ziwa liliwasogelea hatua chache, na chanzo cha taabu yao kilikuwa ng'ambo, kwenye tope na matete ambayo wengi wao hawakupata kuyaona.

Kisha, kama mwaka 1878, sawa na 1295 Hijria, boma likapasuka. Hapa nakuomba uzingatie, kwa sababu ndivyo yanavyokufa mabwawa mengi ya udongo, hata haya malambo madogo tunayochimba kwa ajili ya ng'ombe na mashamba. Boma la udongo huweza kuvumilia maji yanayolisukuma kwa ubavu miaka mingi. Yakishapanda juu yake na kuanza kumwagikia upande wa pili, maji yenyewe huwa jembe: huchimba mfereji mwembamba, mfereji huita maji zaidi, na maji zaidi huchimba zaidi. Ndiyo maana fundi mwenye akili hajengi lambo bila kuacha pembeni njia iliyoimarishwa kwa mawe ya kupunguzia maji. Boma la Lukuga halikuwa na njia hiyo. Hore, baharia aliyekuja na wamisionari wa London, alipofika Lukuga mwaka 1879 aliukuta mto unakwenda mbio kuelekea Kongo. Akaweka kipimo ufukweni karibu na Ujiji, akaona maji yanashuka. Yaliendelea kushuka miaka kama 15, jumla ya mita 10 hivi.

Mita 10, ndugu msomaji! Simama mwaloni uinue macho kwenye mteremko, ukadirie kimo cha minazi miwili mifupi. Ardhi iliyo chini ya kimo hicho ilikuwa ziwa zamani za mababu wa mababu zetu. Tumeijenga kwa kuwa tuliikuta kavu.

Baada ya hapo mlango ulibaki wazi, lakini haukukoma kutaka kuangaliwa. Wabelgiji walijenga banio pale Lukuga, nalo baadaye likabomoka. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha ziwa mpaka likafikia mwaka 1964 kimo kikubwa kuliko miaka yote ya karne ile. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka mama akiinua mikeka na kuiweka juu ya dari. Halafu maji yakarudi, na watu wakarudi nyuma yake. Hata katika miaka ya 2010 malalamiko yalikuwa kinyume: ziwa limepungua, bandari zinakauka, banio lijengwe upya upesi. Mvua za kuanzia 2019 zikageuza maneno. Mwaka 2024 maji yalikaribia kimo cha 1964, na yakaumiza Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma pamoja na sisi.

Sasa turudi kwa watu wa Sabaa. Boma lao la Ma'rib, huko Yemen, lilikuwa na urefu wa mita 600 hivi, likizuia mafuriko ya bonde na kuyagawa kwenye bustani mbili za kuume na kushoto zilizotajwa katika Sura iitwayo kwa jina lao. Wafasiri husimulia habari ya panya aliyelitoboa. Mawe yenyewe ya Ma'rib yana habari nyingine, kwani yamechongwa maandishi ya wafalme waliolitengeneza lilipobomoka: Sharahbil katika karne ya 5 Masihia, na Abraha, yule yule mwenye tembo, katikati ya karne ya 6, ambaye kazi yake ilikatizwa na tauni. Tope lilikuwa likijaa kila mwaka, na kila mara ilibidi kuinua na kuziba. Siku ilipokosekana mikono ya kufanya hivyo, boma likaenda moja kwa moja, karibu na zama za kuzaliwa kwa Mtume S.A.W. Kwangu mimi hayo hayapingani na Sura. Waliopewa neema wakaacha kuishukuru, na kulitunza boma kulikuwa sehemu ya shukrani yenyewe.

Ama kumwambia mjane kwamba ukuta wake umeanguka kwa dhambi zake, huko ni kujipa daftari asilolipewa yeyote katika sisi. Mtume S.A.W. alimhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Itakuwaje aliyenusurika ahesabiwe mwovu?

Lawama, kama ipo, ina anwani nyingine. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka yake ina makao Bujumbura. Yatupasa tuwaulize wakubwa: banio la Lukuga likijengwa, litakuwa na milango ya kufungua na kufunga, au ukuta mtupu? Nani atafungua, kwa amri ya nani, na je, aliyejenga Kirando atasikilizwa sawa na mwenye meli? Banio la kuokoa bandari mwaka wa ukame laweza kuzamisha nyumba mwaka wa mvua, likiwa halina bawabu.

Na sisi tuulizane pia. Upo mwembe hapa kwetu ambao marehemu baba alinionyesha kwamba maji ya 1964 yalifika shinani pake. Niliujua miaka yote hiyo, na nikawaona watu wakijenga chini yake, nisiseme neno. Nilimwambia yule mama hivyo, nikamtaka radhi.

Majirani walimpatia kiwanja juu ya mwembe ule, kwa hatua kama 80. Matofali amekwisha kufyatua, na safari hii ameyachoma.