Ubapa katika Uchoraji

Ubapa, katika istilahi za uchoraji, ni sifa ya picha ambayo rangi zake zimelala juu ya ubao au turubai bila kujifanya zina kina. Mchoraji hatii kivuli kidogo kidogo ili shavu lionekane limeviringana. Anapaka rangi moja na kuifunga kwa mpaka ulio wazi. Hatusemi utambarare, kwa kuwa huo ni wa ardhi na nyanda. Ubapa ni wa uso wa kitu, mfano ubapa wa panga, kwa hiyo ndio unaofaa picha.

Huku Makadara, Nairobi, ubapa uko barabarani. Tazama ukuta wa kinyozi pale mtaani Hamza au Jericho: uso wa kahawia tupu, nywele nyeusi tititi, ukingo wa paji la uso umenyooka kwa mpigo mmoja wa brashi. Chini ya kidevu hakuna kivuli. Abiria aliye ndani ya matatu inayopita huitambua staili hiyo papo hapo, vivuli vingemchelewesha.

Ufaransa, sifa hii ilizua zogo. Mwaka 1865 mchoraji Édouard Manet alionyesha Olympia, picha ya mwanamke aliye uchi, katika Saloni, maonyesho rasmi ya Paris. Wasomi wa sanaa walizoea miili iliyolainishwa kwa vivuli, kama picha ya Venus ya Alexandre Cabanel iliyonunuliwa na Kaizari Napoleon III. Mwili wa Olympia uliwaka mweupe, ukakatika ghafla pembezoni. Watu walichachamaa hadi picha ikawekewa walinzi, kisha ikapandishwa juu ukutani. Hata mchoraji Gustave Courbet, naye mpinzani wa wasomi hao, inasemekana aliifananisha na malkia wa shupaza katika karata.

Dar es Salaam, mnamo 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya ubao wa dari kwa rangi ya baiskeli. Wanyama wake nao ni bapa, na wapo waliomdharau kuwa mchoraji wa watalii tu.

Manet alifunzwa kutia vivuli kwa miaka kadhaa, akaviacha. Tingatinga hakupita chuo cha sanaa. Istilahi moja inawatosha wote wawili kwa sababu inataja kilichomo pichani, wala haipimi elimu ya aliyechora. Walimu na waamuzi wa mashindano ya sanaa shuleni, mkiona picha bapa msiiite ya kitoto. Iteni bapa, kisha mwulizeni mwanafunzi alikusudia nini.