Kutoka Ishango hadi Leibniz: Historia Fupi ya Hesabu ya Kizio cha Mbili

Uandishi wa namba kwa tarakimu 0 na 1 pekee huhusishwa kwa kawaida na Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani ambaye makala yake juu ya jambo hilo yamo katika kumbukumbu za Akademia ya Sayansi ya Paris za mwaka 1703. Wapo wanaopinga simulizi hiyo na kuurudisha mwanzo wake Afrika, wakitaja mfupa wa Ishango. Ili kuamua baina ya madai hayo, yafaa kutenganisha mambo mawili: sifa ya namba yenyewe na mtindo wa kuiandika.

Sifa ni hii: kila namba nzima kubwa kuliko sifuri ni jumla ya vipeo vya mbili (1, 2, 4, 8 na kuendelea) visivyorudiwa, na jumla hiyo hupatikana kwa njia moja tu. Kwa mfano, 13 ni 8 + 4 + 1; ndiyo maana huandikwa 1101, sifuri ikishika nafasi ya 2 isiyohitajiwa. Tarakimu ya mwisho hubainisha kama namba ni shufwa au witiri.

Waandishi wa Misri ya kale waliitegemea sifa hiyo. Njia yao imo katika mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na Ahmose karibu mwaka 1550 K.K. Kuzidisha 12 kwa 13 kwa njia hiyo ni kuongeza maradufu: 12, 24, 48, 96, kisha kuchagua mistari ya 1, 4 na 8, na kujumlisha 12, 48 na 96 kupata 156. Hata hivyo, namba zenyewe waliziandika kwa kizio cha kumi.

Mfupa wa Ishango ulichimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, nao hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Safu yake moja ina mafungu ya chale 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jozi za 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5 zadokeza kuzidisha na kugawanya kwa mbili. Lakini 5 na 7 za mwisho hazifuati kanuni hiyo, na Alexander Marshack alizisoma chale hizo kuwa hesabu ya mwezi. Zaidi ya hayo, kuzidisha kwa mbili peke yake si kuijenga kila namba kwa vipeo vya mbili.

Basi hukumu ya haki ni hii. Uandishi ulienezwa na Leibniz, ingawa Mwingereza Thomas Harriot, aliyefariki mwaka 1621, alikwisha kuutumia katika karatasi zake ambazo hakuzichapisha. Matumizi ya sifa yenyewe yaliwatangulia wote wawili kwa zaidi ya miaka 3,000, na ushahidi wake ni wa Kiafrika. Kuubebesha mfupa wa Ishango mzigo usioumudu ni kuudhoofisha ushahidi huo ulio imara.