Kukombolewa na Kujikomboa: Fundisho la Pwani ya Saadani

Kijiji cha Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, leo kimo ndani ya eneo la hifadhi ya wanyama iliyotangazwa kuwa ya Taifa mwaka 2005. Katika karne ya 19 kilikuwa bandari iliyotazamana na Unguja. Misafara ya bara ilishuka hapo na pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa. Mwaka 1876 Roger Price, wa Chama cha Misheni cha London, alianzia hapo safari ya kujaribu kama ng'ombe wangeweza kufika Mpwapwa. Mwaka 1877 wenzake wakaifuata njia hiyo wakielekea Ujiji. Basi njia iliyoshusha watumwa ndiyo iliyopandisha Injili. Katika makala haya twauliza: je, watu wa pwani hiyo walilisikiaje neno "ukombozi"?

Neno hilo halikuzaliwa kanisani. Mwenye kuweka mali rehani huikomboa kwa kulipa deni. Mtumwa naye alikombolewa kwa fedha. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto katika soko la Unguja, mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Mtoto yule hakuwa na kitu cha kutoa. Mwingine alimlipia.

Hata hivyo, baada ya kukombolewa, maisha yake yaliongozwa na kengele: sala, shamba, kazi za mikono, kisha sala tena. Wengi walikaa, wakaoana, wakawa mbegu ya Kanisa. Miongoni mwao walitoka walioanza kituo cha Mhonda mwaka 1877. Wengine walitoroka. Tusiwalaumu upesi. Yamkini waliona kwamba wamebadilishiwa bwana tu. Wala sisi Walutheri tusijione kuwa mbali na jambo hili, kwa maana Kisarawe nako, kituo kilichofunguliwa mwaka 1892, walikusanywa watu waliotoka utumwani.

Serikali ya Kijerumani nayo, kwa amri ya mwaka 1901, ilimpa mtumwa haki ya kujilipia thamani yake. Huyo alijikomboa. Jasho lake lastahili heshima, na uhuru wake ulikuwa wa kweli. Lakini hakuwa na mkombozi wa kumshukuru.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Mtume Paulo (Efe. 2:8-10) afundisha kwamba wokovu ni kipawa, tena matendo mema yametengenezwa tuenende nayo. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aeleza kazi ya Kristo kwa lugha ya mtumwa aliyelipiwa. Hatari yetu ni kuhubiri kukombolewa siku ya Jumapili na kufundisha kujikomboa siku nyingine zote. Mjane akihofu kwamba mumewe hatazikwa na Kanisa kwa kuwa ahadi yake haikulipwa, tumemwambia nini juu ya neema? Aliyetengwa akihesabu miezi ya kurudishwa kundini kana kwamba analipa deni, amemjua Mkombozi yupi?

Wako watakaosema kwamba mafundisho haya huzaa uvivu. Paulo aliijibu hoja hiyo (Rum. 6). Na waliotoroka Bagamoyo watuongezea jibu: kazi inayodaiwa kama marejesho ya fidia humgeuza mkombozi kuwa bwana mwingine. Jembe ni lile lile. Tofauti ni kama alishikaye ni mdaiwa au mwana wa nyumba. Mwana hulima sana, lakini halimi ili apate kuwa mwana.

Mnamo 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja wakikiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, wala si kwa stahili yetu, naye hutuita tutende mema. Ni vema tamko hilo lisomwe hapa pwani, ambako wazee walijua bei ya mtu. Nasi watumishi, kabla ya kumdai mtu matunda, tujiulize kama tumekwisha kumwambia kwamba amelipiwa.