Tarehe ya Waliochora Vita vya Salale

Zama za matanga, Mholanzi Willem van de Velde alipanda mashua akafuata manowari ili achore vita huku mizinga ikilia. Mwaka 1666 alikuwepo kwenye Vita vya Siku Nne. Pwani yetu, walioona vyombo walivichanja kwenye lipu ya chokaa, na Kilwa vimo, matanga na milingoti yake. Wareno nao walichora merikebu ukutani Ngomeni, Mombasa. Hao tuwaache hapo.

Tuje kwetu delta ya Rufiji, kwa wenyeji wake Wanyagatwa, ambako ramani ya vita vya Salale ilichorwa kwa pondo. Meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha deltani, huko Salale, ikavikwa matawi ya mikoko. Manowari kubwa zikabaki nje kwa uchache wa maji. Waingereza wakaizamisha Newbridge mdomoni mwa Suninga kuziba njia, utadhani delta ina mlango mmoja!

Vitabu vinasema aliyepima njia ni Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini. Haya. Alikuja kwa mtumbwi kutokea Mafia, akaiona meli, akapima kina. Lakini mtumbwi haujiendeshi. Mikondo ya delta huhama; palipopita jahazi mwaka jana leo ni tope la magotini, na bamvua likija hesabu yote hubadilika. Anayeijua ni yule achomaye pondo chini na kuhisi kiganjani kama ni mchanga au tope. Pretorius aliandika yaliyosemwa na pondo, na pondo lilishikwa na wenyeji. Hilo ndilo dai letu.

Baada ya vipimo hivyo Severn na Mersey, manowari za Waingereza zenye matumbo bapa, zikaingia mdomo wa Kikunja tarehe 6 Julai 1915, zikashambuliwa zikarudi. Tarehe 11 zikarejea. Na hapa pana ajabu: rubani Cull alirusha ndege ya Waingereza, mwenzake Arnold akituma kwa simu ya upepo kila kombora lilipoangukia. Ndege ikapigwa, inashuka naye Arnold bado anatuma, mpaka wakatumbukia mtoni wakaokolewa. Nahodha Looff wa Königsberg akaamuru meli yake ivunjwe. Mizinga yote 10 ikaopolewa ikaenda kupigana bara. Mmoja uko Mombasa hadi leo.

Wako wa Utete wanaosema meli ile ni yao. Kibiti ilipokatwa kutoka wilaya ya Rufiji, Salale ilikuja huku kwetu Kibiti. Wabaki na jina la mto.