Ping ya mwaka 1849: wapenzi wa hali ya hewa na dhoruba za theluji

Leo tuziache tarakilishi kidogo, tuangalie mtandao uliotangulia huu wetu kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1849 Joseph Henry, katibu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, aliziomba kampuni za telegrafu jambo dogo. Kila asubuhi makarani walijibizana "O.K." kuthibitisha kwamba waya ni mzima. Henry akaomba waseme hali ya hewa badala yake. Ukiwa fundi wa mitandao utaelewa kwa nini nalipenda wazo hili: ping ile ile, ila sasa imebeba data!

Kando yao kulikuwa na wapenzi wa hali ya hewa wasiolipwa hata senti, kama 150 mwanzoni na kama 500 kufikia 1860, waliotuma vipimo vyao kwa posta. Mwaka 1856 Henry alitundika ramani ukumbini: kadi nyeupe kwa anga safi, samawati kwa theluji, nyeusi kwa mvua, kahawia kwa mawingu. Mvua ikinyesha Cincinnati asubuhi, Washington iliitarajia jioni. Waya ulikuwa na mbio kuliko dhoruba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivuruga kazi hiyo kuanzia 1861. Aliyeipigania tena ni Increase Lapham wa Milwaukee, aliyechoshwa na habari za meli kuzama katika Maziwa Makuu ya huko. Februari 1870 Rais Grant alitia sahihi sheria ya kuanzisha huduma ya kitaifa chini ya jeshi. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, Lapham aliona upepo mkali umeripotiwa Cheyenne na Omaha na kipimahewa kinashuka Chicago, akatoa onyo la kwanza kwa mabaharia.

Lakini hebu fikiria mwisho wa waya. Tarehe 12 Januari 1888, asubuhi ilikuwa na joto la kushangaza katika nyanda za Dakota na Nebraska. Watoto walikwenda shule bila makoti mazito. Utabiri wa baridi kali ulikuwa umeshatumwa kutoka Saint Paul, ukafika stesheni zenye telegrafu na bendera za onyo. Mashamba na shule nyingi zilikuwa mbali na bendera hizo. Dhoruba ilipiga ghafla, na inakadiriwa iliua watu 235, wakiwemo watoto wengi waliokuwa njiani kurudi nyumbani.