Bleni mla mwani

Bleni mla mwani (Salarias fasciatus) ni samaki wa familia Blenniidae anayeishi kwenye miamba ya matumbawe yenye maji ya kina kifupi, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Samoa. Marcus Elieser Bloch alimweleza kisayansi mwaka 1786. Hukua kufikia sentimita 14 hivi. Hupendwa na wafugaji kwa kuwa hula mwani unaoota kwenye mawe na vioo vya tangi, ingawa wengi wa samaki hawa hufa njaa mwani huo unapokwisha.

Maumbile na tabia
Hana magamba, mwili umefunikwa na ute. Akikomaa hana kibofu cha hewa, hivyo haelei, bali hutua juu ya jiwe akiegemea mapezi. Meno yake mengi membamba hukwangua mwani pamoja na mabaki ya viumbe yaliyotuama.

Tangi
Linalofaa ni tangi la lita 110 au zaidi, lililokwisha kukomaa kwa miezi kadhaa na kuota mwani, lenye mawe yenye mashimo ya kujificha. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi na chumvi takriban gramu 35 kwa kilo ya maji. Amonia na nitriti zisiwepo kabisa. Kifuniko cha wavu ni lazima, kwani samaki huyu huruka.

Malisho
Mwani ukipungua, aongezewe karatasi za mwani mkavu na chakula chenye spirulina. Tumbo lililobonyea ni dalili ya njaa. Akikosa chakula huweza kudonoa matumbawe na makombe.

Wenzake
Hulinda eneo lake kwa ukali dhidi ya bleni wengine, kwa hiyo tangi moja hutosha bleni mmoja. Akiugua, atibiwe katika tangi la pembeni: dawa za shaba huua matumbawe, kamba na konokono.

Upatikanaji
Wengi wanaouzwa huvuliwa baharini. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje samaki wa mapambo, lakini kuvua ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Malindi iliyoanzishwa 1968, ni marufuku. Mnunuzi achague samaki mwenye tumbo lililojaa na anayedonoa mawe dukani, na asimnunue kabla tangi lake halijawa na malisho ya kumtosha.